Mchonganishi Aliyejificha: Tathmini ya Filamu ya Captain America: Civil War

Nimeitazama filamu hii mara nne tangu ilipotoka mwezi Mei 2016. Mara ya kwanza ilikuwa katika ukumbi wa sinema jijini Dar es Salaam, na mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, sebuleni kwetu, nikiwa na mpwa wangu wa miaka kumi na minne ambaye hakuwa ameiona kabisa. Tulipofika karibu na katikati, akiwa ameshawaona Steve Rogers (Captain America) na Tony Stark (Iron Man) wakirushiana maneno makali, alinigeukia akauliza, "Mjomba, sasa hapa adui ni nani?" Nilimwambia atulie atazame. Muda si mrefu taa zikazimika katika kituo cha usalama cha Berlin, na yule mtu aliyejifanya daktari wa akili akafungua daftari jekundu na kuanza kumsomea mfungwa maneno ya Kirusi. Mpwa wangu alishusha pumzi kama mtu aliyepata jibu la hesabu lililomsumbua, akasema, "Kumbe ni huyu!" Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuuliza tena nani mwenye haki kati ya wale wawili.

Ile pumzi aliyoishusha ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Naiona filamu hii kuwa miongoni mwa kazi bora zilizowahi kutoka Marvel Studios, na nitaeleza sababu. Hata hivyo, pale ilipomleta mchonganishi aliyejificha, ilimpa mtazamaji ruhusa ya kuacha kupima hoja, na ilifanya hivyo wakati ugomvi wenyewe ulikuwa umeshakomaa na haukuhitaji mtu wa kuupalilia.

Waongozaji ni ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, na waandishi ni Christopher Markus na Stephen McFeely. Filamu ina urefu wa dakika 147. Kisa kinaanzia Lagos, ambako Avengers, kikosi cha mashujaa hawa, kinamfukuza jambazi aliyekwenda kuiba silaha ya kibayolojia. Jambazi huyo anajilipua, naye Wanda Maximoff, mmoja wa mashujaa hao, katika kujaribu kuuinua mlipuko ule juu ya umati wa watu sokoni, anaupeleka kwenye jengo la jirani na kuwaua watu waliokuwamo, wakiwemo raia wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, waliokuwa wamekwenda kutoa misaada. Kutokana na msiba huo na mingine iliyoutangulia, ukiwemo ule wa Sokovia, nchi ya kubuni ambako mji uliangamia katika vita vya kikosi hicho, nchi 117 zinaandaa Mkataba wa Sokovia, ambao unawataka mashujaa wawe chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa na wasiende popote bila kutumwa. Tony anaukubali. Steve anaukataa.

Kinachonivutia ni jinsi filamu inavyomfikisha kila mmoja kwenye msimamo wake bila kumsukuma. Tony ametoka kutoa hotuba chuoni, anasubiri lifti ukumbini, na pembeni yake amesimama mama mmoja wa makamo aliyevaa mavazi ya kazini. Mama huyo hapigi kelele. Anamwambia kwamba mwanawe alikufa Sokovia, na kwamba yeye, Tony, ndiye aliyemuua. Kisha anambandika kifuani picha ya kijana huyo na kumwacha nayo. Baadaye tunamwona Tony jikoni kwa wenzake, akilalamika kuhusu mtu aliyemwaga machicha ya kahawa kwenye sinki. Tunadhani ni utani wake wa kawaida, mpaka anapoiweka simu mezani na picha ya yule kijana ikajitokeza hewani mbele ya wote. Mtu anayeleta jina la marehemu katikati ya malalamiko ya kahawa ni mtu ambaye hajalala. Tangu hapo sihitaji kuelezwa kwa nini Tony atatia saini.

Steve naye ana sababu nzito kama hizo. Katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2014, alikuwa mtumishi mtiifu wa shirika la usalama lililokuja kugundulika kuwa limeshikwa na maadui kutoka ndani kwa miongo mingi. Mtu aliyepitia hayo hawezi kukabidhi dhamiri yake kwa kamati kwa sababu tu kamati hiyo ina mhuri. Anachouliza ni rahisi, nacho ni kigumu kujibiwa: ikiwa kamati itawatuma mahali wasipopaswa kwenda, au itawazuia kwenda mahali wanapohitajika, nani atabeba lawama? Tony, ambaye katika filamu ya mwaka 2015 alimuunda Ultron, roboti aliyeasi, na kusababisha mji mzima uangamie, anaogopa nguvu isiyo na msimamizi. Steve anaogopa msimamizi mwenyewe. Woga wa kila mmoja umetokana na jambo lililompata, na hakuna mchonganishi aliyewafundisha hayo.

Sasa tazama kinachotokea. Siku ya kutia saini mjini Vienna, bomu linalipuka na kumuua mfalme T'Chaka wa Wakanda. Picha zinaonyesha kwamba mlipuaji ni Bucky Barnes, rafiki wa Steve tangu utotoni. Aliyelipua bomu hilo ni Helmut Zemo, mtu tuliyekuwa tumeshamwona mara moja akimtesa ofisa wa zamani nyumbani kwake, ila bado hatukuwa tumejua analitaka lipi. Kuanzia dakika ile Steve haupingi tena mkataba. Anamlinda rafiki anayesingiziwa. Suala la usimamizi wa mashujaa, ambalo tungeweza kulijadili hadi asubuhi, linageuka kuwa suala la kumsaka mhalifu wa kweli. Na kwa kuwa sisi watazamaji tunajua kwamba Bucky hakulipua bomu, Steve anakuwa na haki bila kuipigania, huku Tony akionekana mtu aliyedanganywa tu. Bomu lile lilimuua mfalme, na mjadala wa mkataba nao ukafukiwa katika kifusi kilekile.

Waandishi walijua walichokipoteza, kwa maana walijaribu kukirudisha. Katika jengo la Berlin, Bucky akiwa ameshakamatwa, Tony anamwonyesha Steve kalamu ambazo rais Roosevelt alizitumia mwaka 1941 kutia saini sheria ya kuwakopesha washirika wa Marekani silaha. Anazungumza naye kwa upole, anakiri kwamba mwanamke anayempenda amemwacha kwa muda kwa sababu ya kazi hii, na Steve, ambaye hatujawahi kumwona akiyumba, anaanza kuyumba. Anaishika kalamu. Anasema huenda kukawa na njia, iwapo kutakuwa na mipaka. Kisha Tony anataja, kama jambo dogo, kwamba Wanda amezuiliwa asitoke katika makao yao kwa usalama wake. Uso wa Steve unabadilika, anairudisha kalamu mezani, na mambo yanaharibika.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naamini kwamba ndiyo kiini cha filamu nzima. Chumbani mle wamo watu wawili wanaopendana na jozi ya kalamu, na wanachokosana ni kama binti aliyefanya kosa anafungiwa au analindwa. Kila neno ni lao wenyewe. Ugomvi wa namna hii, ambao mtu anakaribia kabisa kukubali na neno moja likamrudisha nyuma, tunaujua sote kutokana na vikao vya familia, vyama na misikiti na makanisa yetu. Dakika chache baadaye kifaa kilichotumwa na Zemo kwa jina la bandia kinakata umeme wa jiji, Bucky anageuzwa kuwa silaha, na kikao kile hakirudi tena mpaka filamu inakwisha.

Hata hivyo nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba Zemo hana kazi katika filamu hii, kwa sababu huyo huyo anayeiharibu katikati ndiye anayeiokoa mwishoni. Anawavuta Steve, Bucky na Tony hadi kwenye handaki la zamani la kijeshi Siberia. Tunategemea awafungulie askari watano hatari waliogandishwa humo. Tunakuta ameshawaua wote wakiwa usingizini. Alichowaandalia ni mkanda wa kamera ya barabarani wa tarehe 16 Desemba 1991, unaomwonyesha Bucky, akiwa chini ya amri ya watu wengine, akiwaua wazazi wa Tony. Tony anautazama hadi mwisho. Kisha anamuuliza Steve kama alijua. Steve anajaribu kukwepa, kwamba hakujua kuwa ni yeye. Tony anamuuliza tena, na Steve anajibu kwamba ndiyo, alijua.

Hapo mpwa wangu aliketi wima. "Alikuwa anajua siku zote hizo?" aliuliza, na safari hii hakumtaja Zemo hata kidogo.

Naona kwamba jibu la swali la lini mchonganishi anaiharibu filamu na lini anaiokoa limo katika tofauti kati ya Vienna na Siberia. Kule Vienna mchonganishi alitumia uongo, na uongo ukifichuka ugomvi hauna tena msingi, kwa hiyo waliogombana hubaki watakatifu waliodanganywa. Kule Siberia alitumia ukweli. Hakuongeza kitu. Siri ile ilikuwa ya Steve, na Steve aliificha kwa hiari yake, akijiambia kwamba anamhurumia Tony, ilhali alikuwa akijihurumia mwenyewe, kama anavyokuja kukiri katika barua yake ya mwisho. Zemo alibonyeza kitufe tu. Hata angekamatwa dakika ile ile, Tony angempiga Steve, na tungemwelewa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Zemo ndiye aliyelifunua vazi.

Daniel Brühl anaigiza nafasi hii kwa utulivu unaostahili sifa. Zemo hana misuli wala vazi la kutisha. Anaagiza kifungua kinywa hotelini kwa adabu, na usiku anasikiliza ujumbe wa sauti wa mkewe katika simu, ambao mara ya kwanza tunauchukulia kuwa mazungumzo ya kawaida ya nyumbani. Mwishoni, akiwa amekaa juu ya theluji karibu na T'Challa, mwana wa mfalme aliyeuawa Vienna, tunaelewa kwamba mke huyo, mtoto wao na baba yake Zemo walikufa Sokovia, na kwamba anaufuta ujumbe ule akiwa amejiandaa kufa. Zemo na yule mama wa kwenye lifti wamefiwa katika maafa yale yale. Mmoja alileta picha, mwingine akaleta mkanda. Laiti waandishi wangeuona ulinganifu huo mapema zaidi na kumwacha Zemo alete ukweli peke yake, bila bomu, tungekuwa na filamu ambayo ningeipa alama zote.

Upo ushahidi mwingine ndani ya filamu yenyewe kwamba ugomvi haukumhitaji. Katika pambano la uwanja wa ndege wa Leipzig, ambalo kwa uchezaji wa kamera na ucheshi bado halijapata mpinzani, Zemo hayupo na hakuna anayetekeleza amri yake. Ni marafiki wanaopigana, nusu kwa uchungu na nusu kwa mzaha. Kisha Rhodey, rafiki wa Tony, anamwomba Vision, aliye upande wao, aizime mitambo ya kurukia ya Sam, mshirika wa Steve; Vision anarusha mwali, Sam anakwepa, na mwali unampiga Rhodey mwenyewe, ambaye anaanguka kutoka angani akiwa ndani ya vazi lililokufa. Anapona, lakini miguu inapooza. Jeraha kubwa kuliko yote yanayompata shujaa katika filamu hii lilitokana na rafiki aliyekuwa amepotezwa mawazo, akilenga mahali alipoombwa kulenga. Uwanja wote unanyamaza, nasi tunanyamaza, kwa sababu hatuna wa kumlaumu.

Ili msomaji asidhani kwamba ninamwonea Zemo, ailinganishe filamu hii na Batman v Superman: Dawn of Justice ya Zack Snyder, iliyotoka mwezi Machi mwaka huo huo wa 2016. Filamu ile ilianza na sababu ya ugomvi ambayo sijaona nzuri kama hiyo: Bruce Wayne anakimbilia ndani ya vumbi la Metropolis huku Superman akipigana juu angani, jengo la kampuni yake linaporomoka na wafanyakazi wake ndani, na anamkumbatia mtoto ambaye mama yake alikuwa juu ya jengo hilo. Mtu huyo ana kila haki ya kumwogopa Superman. Lakini Lex Luthor anaingizwa katika kila kona: anawatumia mamluki katika kijiji cha Nairomi, mahali pa kubuni barani Afrika, ili Superman aonekane muuaji, anaweka bomu ndani ya kiti cha magurudumu cha mlemavu anayekwenda kutoa ushahidi bungeni, na hatimaye anamteka mama yake Superman. Pambano linapofika, Superman hana hoja anayoitetea. Amekuja kuomba msaada, na Bruce hamsikilizi. Linakwisha kwa jina la mama, kwa kuwa mama zao wote wawili wanaitwa Martha. Hata toleo refu la dakika 182, ambalo linaifafanua vizuri zaidi hila ya kule Afrika, linaongeza maelezo ya hila tu, halimrudishii Bruce hoja yake. Kama Mwafrika nilihuzunika pia kuona wanakijiji wakiuawa ili wawe kidokezo katika kesi ya watu wa mbali.

Upande wa pili uko mfululizo wa katuni uliozaa jina la filamu tunayoijadili, Civil War, wa Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, uliotoka katika matoleo saba kati ya 2006 na 2007. Humo, katika matoleo hayo saba ya msingi, hakuna mchonganishi. Mlipuko katika mji wa Stamford, jimbo la Connecticut, unaua mamia ya watu wakiwemo watoto wa shule, sheria ya kuwasajili wenye nguvu inapitishwa, na mashujaa wanagawanyika. Mwisho wake naupenda kuliko wa filamu. Steve yuko karibu kabisa kumshinda Tony, na wanaomzuia ni watu wa kawaida wa huduma za dharura, wanaomrukia kwa mikono mitupu. Anageuka, anauona mji walioubomoa, na anajisalimisha. Hakuna siri iliyofichuliwa. Aliona kwa macho yake kwamba anachokipigania kimegeuka.

Lakini kazi ile nayo ina kasoro ambayo wanaochukia wachonganishi, nami nikiwa mmojawao, hatuna budi kuikubali. Ilipokosa adui wa nje, ilimtafuta ndani, ikambebesha Tony: anajenga gereza katika ulimwengu mwingine, anashiriki kuunda nakala ya Thor ambayo inamuua shujaa mwenzao, na anawaajiri wahalifu kuwasaka marafiki zake. Kufika toleo la nne msomaji hapimi tena hoja mbili. Anamsubiri Tony ashindwe. Na kana kwamba wachapishaji wenyewe hawakustahimili ule utupu, hadithi za pembeni za Wolverine zilikuja kueleza kwamba aliyelipua Stamford alikuwa amepewa dawa ya kuongeza nguvu na mkuu wa kampuni iliyofaidika na kazi ya kusafisha vifusi. Mchonganishi alifukuzwa mlango wa mbele akapitia jikoni. Kwa hiyo kumwondoa peke yake hakutoshi. Waandishi wanapaswa pia kuwa waadilifu kwa pande zote mbili, na uadilifu huo ni mgumu kuuandika kuliko hila.

Naelewa kwa nini kampuni za filamu zinamng'ang'ania. Matangazo ya mwaka 2016 yaliwataka watazamaji wachague upande, na wahusika wote wawili walihitajika katika filamu zilizofuata. Shujaa aliyekosa kweli ni mgumu kumrudisha. Aliyechonganishwa anarudi hata kesho. Filamu hii ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.1 duniani kote na ikaongoza kwa mapato mwaka ule, kwa hiyo hesabu hiyo iliwalipa. Ila gharama yake imeonekana baadaye. Steve na Tony walipatana katika filamu ya mwaka 2019 bila kuuzungumzia mkataba kwa undani wowote, na mwaka 2022, katika mfululizo wa vichekesho vya mahakamani wa She-Hulk, tuliambiwa kwa sentensi moja tu kwamba mkataba ule umefutwa. Sheria iliyowavunja marafiki na kumpooza mtu miguu ilizikwa bila matanga.

Naipa filamu hii nyota nne kati ya tano. Nampendekezea kila mtu mwenye umri wa kuanzia miaka kumi na mitatu aitazame, na akiweza aitazame pamoja na mtu wa kubishana naye. Akifika kwenye zile kalamu za Roosevelt, aisimamishe kabla umeme haujakatika. Ndivyo tulivyofanya mimi na mpwa wangu baada ya kuimaliza: tuliirudisha nyuma hadi pale Steve anapoishika kalamu, tukaiacha picha hiyo imeganda kwenye runinga, tukabishana mpaka saa sita usiku dada yangu alipokuja kutufukuza. Yeye angetia saini. Mimi nisingetia, ingawa hoja yake kuhusu watu wa Lagos bado sijaipatia jibu.